Mzigo Hauanguki Wenyewe

Kila niingiapo katika bohari za miji yetu ya pwani, ziwe zile kubwa za Shimanzi na Changamwe kule Mombasa, au za Kurasini na Barabara ya Nyerere hapa Dar es Salaam, au hata zile stoo za nyuma ya maduka ya jumla ya Kariakoo na Darajani ambamo mnunuzi hukaribishwa apite mwenyewe akachague mali aitakayo, huliona jambo moja ambalo kwa wingi wa kuonekana kwake limekoma kumstaajabisha mtu. Mali imepandishwa juu mpaka karibu na bati. Rafu za chuma zilizoibeba zina nguzo zilizogongwa zikabonyea, na mahali pengine nguzo hizo zimezungushiwa waya au kamba ili zisizidi kwenda upande. Maboksi ya chini yamevimba ubavuni kwa uzito wa yale ya juu. Paleti moja imechomoza nje ya mhimili wake. Na chini ya hayo yote, kivulini, wamekaa vibarua wakila chakula chao cha adhuhuri, na karani anaandika hesabu zake, na mama mwenye duka la rejareja aliyetoka Mbagala anahesabu madumu ya mafuta ya kula, wala hakuna hata mmoja wao anayetazama juu.

Kisha huja siku mali hiyo ikaanguka. Mtu huumia, au hufa, na watu hukusanyika, na kabla maiti haijaoshwa atatokea mzee mmoja aseme, kwa huzuni na kwa imani ya kweli, kwamba ajali haina kinga. Na kauli hiyo ikishatamkwa huwa imefunga mlango wa kila swali. Makala haya nayaandika ili mlango huo usifungwe. Nasema tangu hapa mwanzo, ili msomaji ajue niliposimama, kwamba mzigo uangukao kutoka rafuni huwa umekwisha kuangushwa siku nyingi kabla ya siku ya kuanguka kwake, kwa mikono ya watu wanaojulikana na kwa maamuzi yanayoweza kutajwa moja baada ya jingine, na kwamba wa kwanza kubeba dhima yake ni mwenye bohari, kabla ya dereva, kabla ya karani, na kabla sana ya hamali ambaye kosa lake lote lilikuwa kupita mahali alipoamriwa apite.

Sina nia ya kubishana na kadari. Lakini dini ile ile inayotufundisha kuridhika na yaliyokwisha kupita ndiyo inayotufundisha habari ya bedui na ngamia wake, aliyeambiwa amfunge kwanza ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Tajiri aliyeona pini ya usalama imepotea katika mhimili na asiirudishe hakutawakali kwa Mola wake. Ameacha wajibu uliokuwa mkononi mwake, na jina la jambo hilo ni taksiri.

Chuma chembamba kuliko kinavyoonekana

Watu wengi huidhania rafu ya bohari kuwa kitu cha nguvu zisizo na ukomo, kwa sababu ni chuma, na kwa sababu jana na juzi ilibeba. Hakika ya mambo ni kwamba nguzo ya rafu aghalabu ni bamba la chuma lenye unene wa milimita 2 hivi, likakunjwa kwa mashine mpaka likapata umbo lenye pembe na mbavu, na karibu nguvu zake zote zimo katika lile umbo. Maadamu nguzo imesimama wima na mbavu zake zimenyooka, hubeba tani kadhaa pasipo taabu; lakini ikibonyezwa mahali pamoja tu, umbo likavunjika, sehemu kubwa ya nguvu zile huwa imekwisha kuondoka, ingawa kwa macho ya mpitaji nguzo bado imesimama na mali bado iko juu.

Na kinachoibonyeza ni kitu gani? Mara nyingi ni foklifti. Mashine iliyoundwa kuinua tani mbili na nusu, yenyewe huweza kufika tani 4, na mashine hiyo hutakiwa igeuke katika vichochoro ambavyo tajiri amevibana ili apate safu moja zaidi ya kupangia mali, ilhali lori liko mlangoni na dereva wa lori anapiga honi. Ncha ya uma huigusa nguzo. Hakuna kilichoanguka, hakuna aliyeumia, hakuna aliyeandika, na dereva wa foklifti, akijua kwamba akisema atakatwa mshahara, hunyamaza. Kesho pigo la pili hupigwa mahali pale pale. Ajali ya mwezi ujao imeanzia hapo, katika kimya kile, na kimya chenyewe kimenunuliwa kwa hofu ya kukatwa mshahara.

Wahandisi wa Ulaya wamelipima jambo hili kwa kipimo ambacho hata fundi wa mtaani aweza kukitumia. Huchukuliwa rula ya chuma yenye urefu wa mita 1, ikalazwa juu ya nguzo pale ilipopinda, na likionekana pengo linalozidi milimita 5 ikiwa nguzo imepinda kwa upande wa mihimili, au milimita 3 ikiwa imepinda kwa upande wa kina cha rafu, nguzo hiyo imekwisha kutoka katika hali ya salama na haifai kupakiwa tena mpaka itengenezwe. Na pengo likizidi mara mbili ya hapo, mali huteremshwa saa ile ile. Msomaji na alikumbuke hilo la milimita 3, kisha aende akaangalie, kwani mimi nimeona nguzo zilizobonyea kwa upana wa kidole gumba, zimepakwa rangi mpya juu ya bonyeo, na juu yake zimebeba saruji.

Yako makosa mengine ambayo foklifti haimo, ambayo tajiri huyafanya kwa mkono wake akidhani anapanga vizuri. Imefika shehena ndefu isiyoingia kati ya mhimili na mhimili. Basi huamuru mhimili mmoja wa chini utolewe, na mali ikaingia, na kila mtu akafurahi. Asilojua ni kwamba mhimili ule ulikuwa na kazi mbili, ya kubeba na ya kuishika nguzo isikunjike. Hesabu ya jambo hili ni ya tangu karne ya 18, aliiweka Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, nayo yasema kwamba nguzo nyembamba ukiongeza mara mbili urefu wake usio na mshikizo, uzito wa kuikunja hupungua ukawa robo ya ule wa kwanza. Robo! Mali haikuongezeka hata kilo moja, wala hakuna aliyeigonga nguzo, na bado bohari imekuwa mahali pengine kabisa, pa hatari, tangu jioni ile mhimili ulipowekwa kando.

Pini zile nilizozitaja ni vyuma vidogo vinavyoingia katika mkono mmoja kwa makumi. Mhimili hushikwa na nguzo kwa kulabu zilizoelekea chini, na kwa hiyo kadiri unavyopakiwa ndivyo unavyozidi kushika. Lakini uma wa foklifti ukiinuka kupita kiasi na kuusukuma mhimili wa juu kutoka chini yake, kulabu huchomoka, na kitu pekee cha kuzizuia ni pini. Pini ndizo za kwanza kupotea, na za mwisho kununuliwa. Kadhalika boliti za kufungia miguu ya nguzo sakafuni, ambazo huachwa nusu kwa kuwa fundi aliishiwa na siku. Na kadhalika rafu zilizonunuliwa kuukuu, nguzo za kiwanda hiki na mihimili ya kiwanda kile, kulabu zikaingizwa kwa nyundo.

Tena rafu haianguki peke yake. Zimeungana, na moja ikilala huivuta jirani yake, na jirani humvuta jirani. Mwezi wa Mei 2016, katika kijiji cha Hinstock, wilaya ya Shropshire nchini Uingereza, rafu za bohari iliyohifadhi jibini ziliporomoka namna hiyo, na dereva mmoja wa foklifti akafukiwa chini ya chuma na mali kwa muda wa saa zipatazo nane, mpaka waokoaji walipomfikia. Alitoka hai. Naitaja habari hiyo ili asiwepo wa kusema kwamba hili ni jambo la umaskini wetu. Ni jambo la chuma na uzito, na chuma hakina taifa.

Boksi, kiroba na hewa ya pwani

Lakini tuseme rafu ni nzima, nguzo zimenyooka na pini zimo. Bado mali yaweza kuanguka, kwa sababu mali yenyewe ina tabia zake, na hapa pwani tabia hizo zina adui wa ziada.

Boksi la karatasi ngumu hupata nguvu zake katika pembe zake nne. Ukilipanga pembe juu ya pembe, lile la chini hubeba. Ukilipanga ovyo, pembe ya la juu ikatua katikati ya uso wa la chini, la chini hudidimia. Nalo boksi hilo limetengenezwa katika kiwanda kikavu ng'ambo, likavuka bahari, likaja kuwekwa kwetu, ambako masika hewa hujaa maji hata chumvi ya mezani ikashikana katika kikopo chake. Karatasi huunywa unyevu ule polepole, na katika hewa iliyojaa maji sana boksi huweza kupoteza kiasi cha nusu ya nguvu zake za kubeba, pasipo alama yoyote ya nje ya kumtanabahisha karani. Ndiyo sababu rundo lililopangwa Agosti likasimama vyema huanza kuinama Aprili, na siku likianguka watu wakasema hakuna aliyeligusa. Ni kweli, hakuna aliyeligusa. Lakini palikuwa na mtu aliyetakiwa kujua kwamba masika yaja, akapunguza urefu wa rundo, na hakufanya hivyo. Hewa hiyo hiyo yenye chumvi ndiyo ilayo miguu ya nguzo kwa kutu, pale chini panapomwagwa maji ya kufagilia, mahali ambapo pasipopigwa tochi hapaonekani.

Magunia yanataka mpango mwingine. Hayo hupishanishwa, safu moja ikalala kwa urefu na ya juu yake kwa upana, hata kila gunia likafunga maungio ya yale ya chini yake. Mahamali wa zamani waliijua kazi hii kwa ufundi mkubwa, na wengine walikuwa wakijenga milima ya karafuu na mbata iliyosimama msimu mzima bila kuyumba. Lakini wao walishika magunia ya katani, yenye uso wa kukwaruza, na sisi leo tunapanga viroba vya sandarusi ambavyo huteleza. Ufundi wa jana juu ya kitu cha leo hautoshi peke yake. Kiroba chataka wavu, au ukingo wa chuma nyuma ya rafu, au nailoni ya kuzungushia; na nailoni yenyewe ni lazima ishuke ikaishike paleti, kwani nailoni iliyozungushwa kiunoni tu mwa mzigo huufanya mzigo mzima uteleze kwa pamoja badala ya kimoja kimoja.

Na hapa lazima niseme neno juu ya lumbesa. Mkulima wa viazi wa Njombe na wa vitunguu wa Singida amekwisha kudhulumiwa shambani kwa kipimo hicho, na mengi yameandikwa juu ya dhuluma hiyo. Ila ni wachache wanaokumbuka kwamba inaendelea mpaka bohari, kwa kuwa gunia lililojazwa likapita mdomo wake na kushonewa kilemba cha kamba juu halina uso wa kulaliwa na gunia jingine. Ni mviringo juu ya mviringo. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 lilitaja kilo 55 kuwa mwisho wa uzito wa kubebwa na mwanamume mzima mmoja kwa desturi, na lumbesa huweza kuzidi mara mbili ya hapo. Hamali anayelipandisha gunia hilo juu ya ngazi halipangi. Hulitupa mahali linapofika, kwa sababu mwili wake hauna tena nguvu za kulisogeza likae sawa. Je, tutamlaumu yeye likishuka?

Sekunde moja

Dumu la mafuta la lita 20 lina uzito wa kilo 18 na ushee. Likianguka kutoka urefu wa mita 4, hufika chini kwa muda usiotimia sekunde 1, likiwa na mwendo wa kilomita 30 na ushee kwa saa, na huo ndio muda wote alio nao mtu wa kusikia mwanguko, kuinua kichwa, kufahamu na kukimbia. Hautoshi hata kwa kijana. Kofia ngumu, ambayo wengi hudhani ni dawa ya jambo hili, imekusudiwa kitu kidogo, kipande cha ubao au nati. Haikuundwa kwa dumu, sembuse paleti ya saruji yenye mifuko 20 ya kilo 50, ambayo ni tani kamili. Kwa hiyo ulinzi wa kweli hauwezi kuwekwa juu ya kichwa cha mtu wa chini. Ni sharti uwekwe juu, rafuni, kabla.

Tumfuate basi huyo aliyeangukiwa mpaka kwake, kwani huko ndiko hasara inakolipwa. Aghalabu ni kibarua wa kutwa. Ujira wake huishia jioni. Asipofika kesho, kesho hana kitu. Amevunjika nyonga au uti wa mgongo, na majirani wamempeleka hospitali kwa bajaji kwa mchango wa waliokuwepo. Mwenye nyumba anataka kodi yake ya miezi sita. Mkewe, aliyekuwa akiuza maandazi asubuhi kuongezea masurufu, sasa hawezi kuuza kwa kuwa analala hospitali. Mtoto wa kwanza, wa darasa la sita, amepewa ulezi wa wadogo zake. Shangazi wa Lindi ametumiwa ujumbe auze mbuzi. Na akiwa amekufa, mjane huingia eda akiwa hajui hata jina kamili la kampuni ambayo mumewe alikuwa akipakia mali yake, kwa sababu aliyemwajiri alikuwa msimamizi wa vibarua, na msimamizi amebadilisha namba ya simu.

Sheria zipo, na ni haki kuzitaja. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Zanzibar ina yake ya mwaka 2005, Kenya ya mwaka 2007, na zote zamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama. Kenya kwa sheria yake ya fidia ya mwaka huo huo wa 2007 imeweka kwamba wategemezi wa aliyekufa kazini walipwe kiasi cha mapato yake ya miezi 96. Hapa kwetu upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, ambao huchangiwa na waajiri peke yao, mfanyakazi hatoi senti. Ni mambo mema. Lakini fidia hutafuta jina katika daftari, na kibarua wa mlangoni hana jina katika daftari lolote. Mjane wake atathibitishaje kwamba mumewe alikuwa ndani ya bohari ile siku ile kwa kazi, wala hakuwa mpitaji tu? Kwa hiyo tajiri asiyeandika majina ya vibarua wake amewanyang'anya kinga ya pili baada ya kuwanyima ya kwanza.

Nani aulizwe?

Mwezi wa Novemba 2024 jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, nchi nzima iliuliza maswali yaliyostahili: nani alichimba chini, kwa idhini ya nani, na nani alikagua. Kamati iliundwa kuyakagua majengo ya mtaa ule. Hakuna aliyeridhika na kuambiwa kwamba ghorofa zina tabia ya kuanguka. Basi kwa nini rafu iliyobeba tani 6 juu ya vichwa vya watu, iliyosimama ndani ya jengo la biashara kama hilo, ikianguka ikaua mmoja, tuambiwe tupoe? Je, ni kwa sababu aliyekufa ni mmoja, au ni kwa sababu alikuwa kibarua?

Husemwa kwamba vibarua wenyewe ni wazembe: hupanda rafu kama ngazi, huvuta boksi la chini na kuacha la juu likining'inia, hukaa chini ya mali. Siyakanushi hayo, nimeyaona. Ila nauliza kwa nini hupanda rafu, na jibu ni kwamba ngazi ya bohari ni moja, nayo imevunjika. Kwa nini huvuta la chini, na jibu ni kwamba mnunuzi anangoja na foklifti iko upande wa pili. Kwa nini hukaa chini ya mali, na jibu ni kwamba hakuna mahali pengine penye kivuli pa kulia chakula. Karibu kila uzembe wa kibarua, ukiufuata mpaka chanzo chake, utakuta umepakana na kitu ambacho tajiri hakukinunua au dakika ambazo hakuzitoa. Mtu anayelipwa kwa idadi ya magunia aliyopandisha hawezi kuwa huyo huyo anayelaumiwa kwa haraka yake. Insafu haikubali.

Tena kibarua ana haki ambayo hajaambiwa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa mahali alipo na sababu ya haki ya kuamini pana hatari kubwa iliyo karibu kwa maisha yake au afya yake asiadhibiwe kwa kujiondoa. Na Juni 2022 mkataba huo uliingizwa katika ile mikataba ya msingi, ambayo misingi yake kila nchi mwanachama hulazimika kuiheshimu. Maneno mazuri, lakini nani atayatamka mbele ya msimamizi asubuhi ya Jumatatu, ilhali nje ya geti wamekaa vijana ishirini wanaongoja nafasi yake? Haki ya kukataa hatari haina maana kwa mtu asiye na akiba ya chakula cha siku mbili, isipokuwa tajiri mwenyewe aitangaze, kwa kinywa chake, mbele ya wote, kwamba atakayeonyesha nguzo iliyopinda hatafukuzwa, na dereva atakayesema «nimegonga» hatakatwa mshahara. Katika yote niliyoyaandika, hili ndilo lisilo na gharama ya fedha, nalo ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa lamtaka mkubwa anyenyekee. Bohari ambayo pigo la foklifti hutajwa saa ile ile, mali ikateremshwa, nguzo ikapimwa, haitazika watu wake kwa sababu hiyo.

Yanayowezekana wiki hii

Mengineyo yanajulikana, wala hayahitaji mhandisi kutoka ng'ambo kwa kila hatua. Mali nzito na ikae chini na nyepesi juu; aonaye hili kuwa dogo na aende atazame ni mara ngapi saruji imewekwa juu ya pamba za godoro kwa sababu tu ndiyo iliyofika nyuma. Kila rafu na ibandikwe kibao kinachosema uzito wa mwisho wa kila mhimili, kwa Kiswahili na kwa tarakimu kubwa, kwani kibao cha lugha ya kiwandani hakimwonyi mtu asiyeisoma. Miguu ya nguzo za pembeni na iwekewe kinga ya chuma iliyofungwa sakafuni, ili foklifti ikigonga igonge kinga. Upande wa nyuma wa rafu, ule unaoelekea njia ya watu, na uwekwe wavu. Paleti iliyovunjika ubao ichomwe moto au iuzwe kuni, isirudi rafuni kwa siku moja zaidi.

Na mtu mmoja, mwenye jina, apewe kazi ya kuzunguka rafu zote kila wiki na rula yake ya mita 1 na tochi, akiandika katika daftari alichokiona, na mwenye ujuzi zaidi aitwe angalau mara moja kwa mwaka. Huo ndio utaratibu unaofuatwa Ulaya, na gharama yake kwa bohari ya wastani ni saa chache za mshahara wa mtu mmoja. Wakaguzi wa serikali nao, ambao ni wachache na bohari ni nyingi, wangeweza kuanza ukaguzi wao kwa kudai daftari hilo kabla ya kitu kingine. Bohari isiyokuwa nalo imekwisha kujieleza.

Kwako wewe mnunuzi wa jumla, ambaye hupitishwa ndani ukachague mali: kataa kuingia. Simama mlangoni uagize uletewe. Tajiri asiyejali neno la kibarua hujali neno la mteja, na wateja kumi wakigoma kupita chini ya rafu yake iliyopinda, itanyooshwa kabla ya Ijumaa.

Nawe mwenye bohari, usingoje mkaguzi. Tafuta nguzo moja iliyo mbaya kuliko zote, unaijua ilipo, na leo uteremshe mali iliyo juu yake. Kisha fungua lile daftari na uandike humo majina ya vibarua wako wote, wa kutwa na wa mwezi. Siku mtu akiumia ndani ya bohari yako, wa kwanza kuulizwa utakuwa wewe, na swali litakuwa hili: rafu hii ilikaguliwa mara ya mwisho lini, na sahihi iliyo hapa ni ya nani?